Kufuatilia matetemeko ya ardhi kwa simu na daftari: ninavyofanya mimi hapa Bukoba

Kila kitanda kikitikisika kidogo hapa mjini simu yangu inajaa meseji, kaka umelisikia hilo, lilikuwa la ngapi, litarudi? Mimi kazi yangu ni ramani, sio mtaalamu wa miamba, ila tangu 2016 mtaa umeshaniamulia kwamba mambo ya tetemeko ni yangu, basi naandika hapa mara moja ili next time nirushe linki tu nikalale.

Kwa wasiokumbuka, lile letu kubwa lilikuwa Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa alasiri na dakika 27, ukubwa 5.9, kina kilomita 40, upande wa Nsunga kule Missenyi. Nilikuwa nyuma ya nyumba namenya ndizi, nikasikia sufuria zinagongana kabatini, nikajisemea ni lori hilo linapita, na kabla sijamaliza kujisemea ukuta ukafanya kama mkeka unaokung'utwa. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia waliumia, shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Usiku ule watu walilala nje, na kila dakika kadhaa mtu anashtuka "linakuja tena", mtandao wenyewe unakata. Hapo ndo nilipojifunza haya, kwa kukosea sana.

Hatua ya 1: weka saa sawa kabla hujafungua kitu chochote

Naanza na saa kwa sababu ndo iliniaibisha. Usiku ule nilifungua orodha ya matetemeko ya Wamarekani (USGS, idara yao ya jiolojia), nikaona 12:27, nikatangaza kwenye grupu la familia kwamba kumbe kulikuwa na lingine saa sita mchana ambalo hatukulisikia. Mama mdogo akaanza kulia. Halikuwepo, lilikuwa ni lilelile, limeandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima.

UTC iko nyuma ya saa zetu kwa masaa matatu, kwa hiyo 12:27 unaongeza tatu inakuwa 15:27, halafu uanze kuibadili iwe saa ya Kiswahili. Njia ya mkato ninayotumia mimi: chukua saa ya UTC, TOA tatu, umepata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 12:27 toa tatu, saa tisa na dakika 27. Basi. Ikizidi kumi na mbili toa na kumi na mbili, mfano lile la baharini kusini mwa Dar la tarehe 12 Agosti 2020 liliandikwa 17:13, toa tatu ni 14, toa kumi na mbili ni mbili, saa mbili usiku na dakika 13, na wa Dar wanakumbuka walivyotoka maghorofani usiku ule. Ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Rwanda na Burundi wao wako UTC+2 kwa hiyo watoe nne.

Angalia na tarehe pia. Tetemeko la saa saba usiku wa kuamkia Jumapili litaandikwa Jumamosi saa 22, usije ukasema ni mawili.

Hatua ya 2: fungua ukurasa na uibadili setingi

Ingia earthquake.usgs.gov, nenda kwenye ramani ya matetemeko ya karibuni. Ikifunguka kama ilivyo utaona Japani, Indonesia, Chile, Alaska, Afrika kama haipo, na watu wengi wanaishia hapo wanasema "mbona letu hawajaweka". Gusa alama ya gia, chagua siku 7 au 30 badala ya siku moja, chagua ukubwa wote, halafu kwenye saa chagua saa ya simu yako badala ya UTC (ukiweza hii, hesabu ya hatua ya 1 unaipumzisha, lakini ijue tu maana skrinshoti unazotumiwa na watu zitakuwa na UTC). Kisha vuta ramani mpaka ubaki na maziwa makuu, na uweke tiki pale pa kuorodhesha yaliyo kwenye ramani tu. Rangi zinaonyesha umri, jekundu ni la ndani ya saa moja, chungwa ni la ndani ya siku, njano la wiki. Duara likiwa kubwa na tetemeko ni kubwa.

Ya pili ni ya Wazungu wa Ulaya, EMSC, wana app inaitwa LastQuake, hii kwa kasi naipenda zaidi kwa sababu inashtukia watu wanavyokimbilia kuifungua baada ya kutikiswa, na maswali yake yana vikatuni hata bibi anaweza kujibu. Weka notifikesheni kwa eneo lako tu, ukiacha dunia nzima utaifuta siku ya pili.

Hatua ya 3: jifunze kusoma mstari mmoja vizuri

Mstari mmoja wa tetemeko una vitu vingi na watu wanasoma namba moja tu.

Ukubwa kwanza. 5.9 na 4.9 sio tofauti ya "kidogo", ngazi moja ni nguvu kama mara 32. Na namba hubadilika, dakika za mwanzo ni kompyuta inakadiria, baadaye mtu anakaa anapitia, kwa hiyo ukiona asubuhi 5.9 imekuwa 5.7 hakuna anayekuficha kitu. Angalia limeandikwa la kompyuta au limeshapitiwa.

Kina. Ukiona kilomita 10 kamili, 10.0, usiichukulie kwa uzito. Mara nyingi ina maana data haikutosha kujua kina kwa hiyo wameweka 10 kama namba ya kushikia nafasi. Nimeshaona watu wanabishana vikali juu ya hiyo kumi.

Mahali. "Kilomita kadhaa kutoka Nsunga" ni makadirio, kwetu vituo vya kupimia viko mbalimbali, kosa la kilomita 10 au 15 ni kawaida tu, usiende kutafuta ufa kwenye shamba la mtu.

Sasa lile lori langu. Tetemeko linatuma mawimbi ya aina mbili, la kwanza linakimbia na ni dogo, la pili linachelewa na ndo linabomoa. Hesabu sekunde kati ya mtikiso wa kwanza na ule mkali, zidisha kwa 8, umepata umbali kwa kilomita mpaka lilipoanzia. Lile letu lilikuwa chini kilomita 40, hiyo peke yake ni sekunde 5 hata ungekuwa umekaa juu yake kabisa, bado hujaongeza umbali wa kutoka Missenyi mpaka mjini. Ndo maana nilipata muda wa kujiuliza kama ni lori. Siku hizi sufuria zikiongea sijiulizi, nahesabu huku natoka ukutani.

Hatua ya 4: daftari (usiiruke hii)

Hapa ndo kwenye kiini. USGS nje ya Marekani wanalenga kuanzia 4.5 kwenda juu. Yaliyo chini ya hapo Afrika mengi hayaingii kabisa, na mitikisiko ya baadaye, yale madogo madogo yanayofuata tetemeko kubwa, karibu yote yako chini ya hapo. Kwa hiyo umetikiswa, umekimbilia simu, ramani tupu, unaanza kujiona mwehu. Hujawa mwehu. Ramani tupu ina maana vyombo vya mbali havikulipima au bado, basi.

Nunua kadaftari ka mia tano, kakae karibu na kitanda pamoja na peni iliyofungwa kamba (bila kamba watoto wataichukua, najua). Kila ukitikiswa andika: tarehe, saa na dakika kwa saa ya SIMU sio ya ukutani, ulikuwa umekaa au umelala au unatembea, lilichukua sekunde ngapi, kulikuwa na mngurumo kabla au hapana, na kitu gani kilicheza. Hilo la mwisho ndo muhimu. "Lilikuwa kali" haimsaidii mtu. "Maji ya kwenye beseni yalicheza ila hayakumwagika, mlango wa kabati haukufunguka" inasaidia. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: *saa 10:42 alfajiri, nimelala, sekunde kama 3, mngurumo kwanza, glasi ziligongana, mbwa wa jirani alibweka KABLA, mke hakuamka*. Jirani yangu naye alikuwa na lake la 10:43, na mtu wa kata ya Kashai 10:42. Watu watatu waliokuwa mbalimbali, tofauti dakika moja tu, hilo ni tetemeko hata kama dunia nzima haijaliweka mtandaoni. Mtu mmoja tu, hakuna mwingine aliyesikia, hilo huenda ni lori kweli.

Hatua ya 5: linki ya kujitengenezea

Hii ni ya wenye kompyuta au wavumilivu. USGS wanaruhusu kuvuta data yenyewe kwa linki, unaiandika kwenye brauza:

https://earthquake.usgs.gov/fdsnws/event/1/query?format=csv&starttime=2016-09-10&endtime=2016-10-10&latitude=-1.33&longitude=31.81&maxradiuskm=200

Hizo latitudo na longitudo ni za Bukoba, kilomita 200 ni duara, tarehe unabadili. Usisahau alama ya kutoa kwenye -1.33, ukiisahau unahamia Uganda, huko wanakoliita musisi, na utashangaa mbona orodha sio yako. Faili linafunguka kwenye Excel. Tafuta safu iliyoandikwa gap, hiyo ni pembe iliyoachwa wazi kati ya vituo vilivyolipima, ikizidi 180 ina maana vituo vyote vilikuwa upande mmoja, mahali pake usipaamini sana. Mimi huwa naweka na safu moja ya kwangu mwishoni, "daftari", naandika ndiyo kama tulilisikia. Utaona zenye ndiyo upande wao ni chache na za daftari peke yake ni nyingi mno.

Hatua ya 6: je litarudi?

Swali la kila mtu. Jibu la kweli: madogo ndiyo, lini hasa hakuna anayejua, na ukipata ile fowadi ya "leo saa saba usiku litapita la 8.2, imethibitishwa" ifute, waitu, hakuna chombo popote duniani kinachotaja saa.

Lakini mwenendo unajulikana. Mjapani Omori aliuonyesha tangu 1894, idadi hushuka kadri siku zinavyopita, siku ya kumi tegemea kama sehemu moja ya kumi ya siku ya kwanza. Kubwa katika yale ya baadaye kwa kawaida linakuwa chini ya lile mama (lile kubwa lenyewe) kwa kama 1.2, yaani baada ya 5.9 tegemea la juu kabisa kuwa la 4.7 hivi, na hilo linatosha kabisa kuangusha ukuta uliokwishapasuka. Ni wastani, sio ahadi. Mara chache linalofuata linakuwa kubwa kuliko la kwanza, na hapo jina linabadilika, la kwanza linakuwa ndo la utangulizi.

Kwa hiyo kwenye daftari hesabu kwa siku: jana 14, leo 9, kesho 6. Yanashuka, sawa. Yasiposhuka, au yakipanda na hakuna hata moja lililo mama, hiyo ni habari nyingine. Natron mwaka 2007 ilikuwa hivyo, Julai matetemeko mfululizo, kubwa lao la tarehe 17 lilikuwa 5.9 na Nairobi watu walitoka maofisini, kumbe ni uji wa volkano unapasua njia chini ya mlima Gelai, na Septemba volkano ya jirani, Ol Doinyo Lengai, ikalipuka. Goma Mei 2021 nao walitikiswa siku kadhaa baada ya volkano yao ya Nyiragongo kumwaga. Sisi Kagera hatuna mlima wa moto kwa hiyo usiogope hilo, ila watu wa Arusha na Kivu wasitumie kanuni yangu ya kushuka kama msahafu.

Hatua ya 7: ripoti, halafu ndo utume kwenye grupu

Kwenye ukurasa wa tetemeko husika kuna sehemu ya Did You Feel It? (yaani, ulilisikia?), jaza, dakika mbili. Kama halipo kwenye orodha kuna fomu ya tetemeko lisilojulikana, jaza hiyo hiyo. Za kwetu zinawafikia chache na ndo maana ramani zao za mtikiso kwetu zinakuwa za kukisia. Kwa Tanzania taarifa rasmi ni za GST (taasisi ya jiolojia ya Tanzania) Dodoma, hizo ndo za kunukuu mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Meseji yangu ya grupu haibadiliki: saa, wangapi wamelisikia na wapi, USGS wanasema nini au bado, GST wanasema nini au bado. Hakuna emoji ya moto. Voisi noti sipokei.

Hatua ya 8: nyufa

Fupi. Ufa ulio ukutani chora msitari wa penseli kuukatiza, na kila mwisho wa ufa weka alama na tarehe. Pima upana kwa rula, andika hapo hapo ukutani, 2 mm, 11/9. Likipita lingine rudi na rula ile ile. Ufa ukivuka alama ya tarehe au ile misitari ya penseli isipokutana tena, chumba hicho hakilaliwi mpaka fundi wa uhakika aje, hata kama kuna mvua. Chumba cha nyuma kwangu kilifungwa wiki sita kwa milimita tatu, na mama mkwe alihamia sebuleni na bado analitaja.