Kuifanya TV ya kawaida iwe janja kwa stiki au boksi

Kabla hujatoa hela dukani, izungushe TV yako uitazame mgongoni na ubavuni. Ukikuta tundu bapa lililoandikwa HDMI, lenye upana wa kama sentimita moja na nusu, stiki au boksi lolote la siku hizi, yaani kifaa kidogo cha kuipa TV intaneti, litaingia. Ukikuta matundu ya mviringo tu, ya njano, nyeupe na nyekundu, bado inawezekana, ila kwa kibadilishaji na kwa masharti yanayoelezwa mbele. Tazama pia kama hilo tundu la HDMI liko wazi. Kama TV ina moja tu na king'amuzi kimeshalishika, nunua swichi ya HDMI ya matundu mawili au matatu, la sivyo utakuwa unachomoa na kuchomeka kila siku mpaka tundu lilegee.

Kwa upande wa waya hakuna jipya. Tangu analojia ilipoanza kuzimwa Tanzania, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, watu wamezoea kuchomeka kisanduku nyuma ya TV. Tofauti ni kwamba king'amuzi kinadaka mawimbi ya hewani, wakati stiki haidaki chochote: kila picha inayotoka inaletwa na intaneti unayoilipia wewe. Ndiyo maana wenye stiki wanaolalamika mara nyingi shida yao iko kwenye umeme au intaneti, na kifaa chenyewe ni kizima.

Ununue kipi

Kwa mazingira ya Afrika Mashariki, vifaa vya Android TV na Google TV ndivyo vyenye usumbufu mdogo, kwa sababu akaunti ya Google unayo tayari kwenye simu. Xiaomi TV Stick na Xiaomi TV Box ni mifano. Chromecast with Google TV nayo ni nzuri. Google iliacha kuitengeneza mwaka 2024 na kuleta Google TV Streamer, lakini ukiipata nzima kwa mtu bado inafaa. Fire TV Stick inafanya kazi vizuri pia, ila inataka akaunti ya Amazon na haina Play Store. Roku iache. Ndugu aliyeko Marekani akiuliza akuletee nini, mwambie waziwazi asilete Roku, maana imetengenezwa kwa nchi maalumu na nchi zetu hazimo.

Sasa yale maboksi meusi madogo yaliyoandikwa "RAM GB 8, hifadhi GB 128, 8K" kwa bei ya stiki ya kawaida. Linganisha: stiki halali nyingi zina RAM ya GB 1 hadi 2 na hifadhi ya GB 8, karibu nusu yake ikiwa imeshaliwa na mfumo. Namba kubwa namna ile kwa bei ile zimeandikwa tu kwenye kasha. Ndani yake mara nyingi ni Android ya tableti iliyovalishwa sura ya TV, haina idhini ya Netflix, na hata ukifanikiwa kuiweka Netflix picha haivuki ubora wa 480p, ulio chini ya HD. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo, kwa kuwa ruhusa ya picha ya HD inakaa ndani ya chipu na cheti cha mtengenezaji.

Kuna baya zaidi. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa kompyuta alionyesha kuwa boksi la T95 alilolinunua mtandaoni lilikuja na programu hasidi ndani ya mfumo wake. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya aina hiyo vilivyoambukizwa, vinavyowafungulia wahalifu njia ya kupita kwenye intaneti ya nyumbani kwa watu. Boksi la kulitilia shaka ni lile linaloingia moja kwa moja bila kuuliza lugha wala akaunti, likatoa mshale wa kipanya katikati ya skrini, na kukuta programu za filamu za bure zimeshapakiwa. Likiuliza uzime Play Protect, mlinzi wa Google dhidi ya programu hasidi, ndipo likupe filamu, lirudishe dukani.

Kuhusu 4K: kama TV yako ni inchi 32 ya HD ya kawaida, yenye pikseli 1366 kwa 768, usilipie 4K, maana kioo hicho hakina pikseli za kuionyesha.

Umeme kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Stiki ina waya wa USB, na TV ina tundu la USB palepale, basi mtu anaunganisha huko na kuona ameokoa soketi. Matundu mengi ya USB ya TV hutoa ampea 0.5, stiki nyingi zinataka volti 5 na ampea 1, na Chromecast with Google TV ya 4K inataka ampea 1.5. Matokeo yake hayasemi "umeme mdogo". Utaona nembo inawaka, inazima, inawaka tena. Au menyu inafunguka vizuri, halafu ukibonyeza video ndipo inajizima, kwa kuwa kucheza video ndiyo kazi nzito. Wakati mwingine ni rimoti inayokatika tu. Isitoshe, ukizima TV kwa rimoti, baadhi ya TV hukata umeme wa USB ghafla, na kifaa kinachokatiwa hivyo kila usiku huweza kuharibu mfumo wake.

Tumia adapta iliyokuja nayo. Ikipotea, chaja ya simu iliyoandikwa 5V 2A inatosha. Kifaa huchota kinachohitaji tu, ampea za ziada hazikiunguzi. Volti ndizo zinazounguza. Maboksi mengine hutumia pini ya mviringo ya 5V, na pini hiyohiyo unaweza kuikuta kwenye adapta ya 12V ya ruta au ya king'amuzi. Zinaingiliana kabisa. Ukichomeka ya 12V kwenye boksi la 5V utasikia harufu kabla hujaona picha. Bandika karatasi kwenye kila adapta, uandike ni ya nini.

Kifaa kilichotoka ng'ambo, soma adapta yake: ikiandikwa "Input 100–240V" ni salama, kinachohitajika ni kibadili pini tu. Na ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, pitisha TV na stiki kwenye tivi gadi moja.

Kuwasha mara ya kwanza

1. TV ikiwa imezimwa, chomeka stiki kwenye HDMI. Kama kuna kipande kifupi cha waya wa HDMI ndani ya kasha, kitumie. Stiki ikibanwa moja kwa moja mgongoni mwa TV, bati la TV linaziba Wi-Fi na mawimbi ya rimoti, na joto halina pa kutokea.

2. Washa, kisha kwa rimoti ya TV bonyeza Source au Input uchague HDMI yenye namba uliyochomeka. Skrini ikibaki nyeusi, hamisha namba kabla ya kulaumu kitu kingine.

3. Weka betri kwenye rimoti mpya. Isipojiunga yenyewe, kwa Chromecast with Google TV shikilia vitufe vya kurudi na vya nyumbani kwa pamoja. Kwa Fire TV shikilia kitufe cha nyumbani kwa sekunde kama 10.

4. Unganisha Wi-Fi na uingize akaunti. Fungua akaunti mpya ya Google kwa ajili ya TV. Akaunti yenye barua pepe za kazi na picha zako haifai kukaa sebuleni ambako kila mgeni anashika rimoti.

5. Acha masasisho yamalizike. Ya kwanza yanaweza kula mamia ya MB, hata zaidi ya GB moja, kwa hiyo usiianzishe na bando la MB 500 kisha ushangae.

6. Hakikisha saa na tarehe viko kwenye kujiseti vyenyewe. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, vyeti vya usalama vinakataliwa, na YouTube itagoma kufunguka ingawa Wi-Fi inaonyesha imeunganishwa.

Ukitumia hotspoti ya simu na stiki haiioni kabisa, sababu ya kawaida ni masafa. Vifaa vya bei ndogo vingi vinasoma 2.4 GHz pekee, wakati simu inarusha kwa 5 GHz. Badilisha bendi kwenye mipangilio ya hotspoti. Kwa iPhone 12 na za baada yake washa Maximize Compatibility. Kinyume chake, kama kifaa chako kinakubali zote mbili na ruta iko chumba hichohicho, tumia 5 GHz, maana kwenye nyumba za kupanga zilizobanana 2.4 GHz imejaa ruta za majirani. Ukuta wa tofali ukiwa katikati, rudi 2.4, inapenya vizuri zaidi.

TV ya chogo

Kwa TV ya chogo unahitaji kibadilishaji cha HDMI kwenda AV. Soma maandishi yake mara mbili: kuna cha HDMI kwenda AV na kuna cha AV kwenda HDMI, vimefanana kwa umbo na rangi, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Chenyewe nacho kinataka umeme wa USB wa 5V. Chomeka njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, upande ulioandikwa AV IN. Upande wa OUT hautatoa kitu. TV yenye tundu moja tu la sauti, tumia nyeupe uache nyekundu ikining'inia.

Kibadilishaji kina swichi ndogo ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya rangi ya TV. Huku kwetu weka PAL. Picha ikija bila rangi au ikiwa inapanda na kushuka, swichi hiyo ndiyo mchawi. Tegemea maandishi madogo ya menyu yasomeke kwa shida na watu waonekane warefu na wembamba, kwa kuwa picha pana inabanwa kwenye kioo cha umbo la zamani. YouTube na muziki vinatazamika. Netflix na wenzake huweza kutoa giza kabisa, sauti ikiwepo au isiwepo, kwa sababu ya HDCP, ulinzi wa kuzuia filamu kunakiliwa, ambao vibadilishaji vingine haviutambui. Jaribu dukani kabla hujalipa.

Bando linavyokwenda

Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 3 kwa sekunde kwa 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Chukua hiyo 5 uipigie hesabu: megabiti 5 ni sawa na MB 0.625 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata GB 2.25 kwa saa. Mechi yenye dakika 90, mapumziko na za nyongeza, tuseme dakika 110 mpaka filimbi ya mwisho, inakula zaidi ya GB 4. Mechi hiyohiyo ikiteremshwa hadi megabiti 1.5 inakula kama GB 1.2, na kwenye TV ndogo uliyoikalia mita tatu tofauti si ya kukunyima usingizi.

Kwa Netflix, ubora unapangwa kwenye tovuti, ndani ya wasifu wako: Low ni GB 0.3 kwa saa, Medium 0.7, High hufika 3 kwa HD na 7 kwa 4K. Kwa YouTube, video ikiwa inacheza fungua alama ya gia uchague 480p. Mara nyingi itabidi uchague upya kwenye video inayofuata. Zima kujicheza kwenyewe kwenye programu zote mbili. Mtu akisinzia kwenye kochi saa nne usiku, foleni ya video haisinzii naye.

Picha na sauti zinapogoma

Kingo za picha zikikatwa, saa au menyu ikawa nusu, rekebisha kwenye TV, si kwenye stiki: tafuta Picture Size uchague Just Scan, Screen Fit au Full Pixel, jina hutegemea kampuni.

Picha ipo, sauti hakuna, hasa kwenye Netflix tu? Kifaa kinatuma sauti ya Dolby ambayo TV ya zamani haiielewi. Nenda kwenye mipangilio ya sauti uzime surround, ibaki stereo au PCM.

Stiki haina tundu la sauti, kwa hiyo sabufa ichomeke kwenye tundu la sauti la TV, lile la hedifoni au la AUDIO OUT. Kuunganisha sabufa kwa Bluetooth kunawezekana, ila maneno yanaweza kuchelewa nyuma ya midomo. Kwa muziki haionekani, kwa tamthilia inaudhi.

Kama unataka rimoti moja iendeshe vyote, washa CEC kwenye TV, njia ya TV na kifaa kuamrishana kupitia HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Kifaa kikianza kuwa kizito baada ya miezi kadhaa, angalia hifadhi kwanza. Ikibaki chini ya MB 500, ondoa programu usizozigusa na ufute kashe ya zile kubwa. Ikishindikana rudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani, na fanya hivyohivyo siku unapokiuza, ukikumbuka pia kukiondoa kwenye akaunti yako ya Google kwa kutumia simu, maana kifaa kisiporudishwa kwenye hali ya kiwandani, mnunuzi atakayekiwasha ataingia na historia yako yote ya YouTube ikiwa wazi mbele yake.