Somo: Chenin Blanc mezani, ifikirie kama ndimu

Wanachama, wengi mmeuliza mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na utamu, unaoendana na joto na samaki. Jibu langu ni Chenin Blanc, mvinyo wa zabibu yenye jina hilohilo. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa, pande za Anjou na Vouvray. Walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema, walioanza kukamua mvinyo mwaka 1659, waliilima kwa muda mrefu wakiiita Steen, na ni mwaka 1965 tu ndipo ilipothibitishwa kuwa Steen na Chenin ni zabibu moja. Leo Afrika Kusini inailima kuliko nchi yoyote, Ufaransa ikiwemo.

Hatua ya 1: Soma lebo. Kwa chupa za Loire, "Sec" ni mkavu, "Demi-sec" una utamu kiasi, "Moelleux" ni mtamu hasa. Kwa za Afrika Kusini, tafuta nembo ndogo shingoni mwa chupa inayotaja mwaka mizabibu ilipopandwa. Hutolewa kwa mizabibu ya miaka 35 na zaidi, nayo huzaa kidogo lakini ladha yake imekolea.

Hatua ya 2: Poza, usigandishe. Friji saa mbili zinatosha. Kama wageni wameshafika, weka chupa kwenye ndoo ya barafu, maji na chumvi kwa dakika 15 hadi 20. Lenga nyuzi 8 hadi 10. Ukipoza kupita hapo harufu inajificha, na harufu ndiyo nusu ya raha yake.

Hatua ya 3: Mimina theluthi ya glasi, shika shina, nusa kabla ya kunywa. Utapata tufaha bichi, limau, mara nyingine asali hata kama hauna sukari.

Hatua ya 4: Chakula. Hapa ndipo ninapotaka tukae. Uchachu wa Chenin hufanya kazi ya ndimu: hukata mafuta na kuamsha chumvi. Watu wa Loire huunywa na samaki wa mtoni waliomwagiwa mchuzi wa siagi, au na jibini ya mbuzi. Sasa badala ya siagi weka tui. Kuku wa kupaka, pweza wa nazi, kamba wa kukaanga, changu wa kuchoma: popote mkono wako unapoitafuta ndimu, Chenin mkavu anaingia. Ila punguza ndimu ya kwenye sahani, kwa sababu chakula kikichachuka kuliko mvinyo, mvinyo unabaki kama maji.

MASWALI

*Mwalimu, mimi sili bila pilipili. Itakuwaje?*
Chukua Demi-sec. Utamu kidogo hutuliza moto wa pilipili, wakati kilevi kikali huuchochea. Angalia asilimia kwenye lebo, na uchague iliyo ndogo.

*Nyama choma je?*
Ng'ombe na mbuzi, hapana, tafuta mwekundu. Kitimoto, ndiyo, tena sana, kwa ajili ya yale mafuta.

*Chupa ikibaki nusu?*
Rudisha kizibo, weka friji, imalize ndani ya siku tatu. Baada ya hapo itumie kuchemshia kome au kamba.

*Dada, nimesikia Dodoma nao wanayo. Kweli?*
Kweli kabisa, na ninafurahi umeuliza. Dodoma inalima Chenin Blanc pamoja na ile zabibu nyekundu iitwayo Makutupora. Loire wanavuna mara moja kwa mwaka kwa sababu mzabibu hulala wakati wa baridi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huuamsha kwa kuupogolea na kuvuna mara mbili. Ukipata chupa yake, ipozwe vilevile, kisha anza na sato wa kukaanga.