Kuweka soketi ya umeme kwenye bodi la pikapu kwa magari ya visiwani

Fundi anayetengeneza mashua pwani ya Nungwi, au anayejenga Micheweni kwenye kiwanja ambacho bado hakijavutiwa umeme, mara nyingi hulazimika kubeba jenereta kwa ajili ya kutoboa matundu kumi tu ya mbao. Pikapu yake tayari ina betri na alteneta, na vitu hivyo viwili vikiongezewa inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme kama wa nyumbani, vinatosha kuendesha drili, taa na chaja. Mwongozo huu unahusu inveta ya wati 1,000 inayotoa volti 230, kwenye gari lenye betri ya volti 12. Mashine ya kuchomelea haimo katika hesabu hii. Hiyo iachie jenereta.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua waya

Wati 1,000 zikigawanywa kwa volti 12 ni ampea 83, na kwa kuwa inveta yenyewe hupoteza kiasi cha asilimia 10, betri italazimika kutoa zaidi ya ampea 90. Upande wa pili wa inveta, wati zile zile kwa volti 230 ni ampea 4 na kidogo. Kwa hiyo waya wa volti 12 uwe mfupi na mnene, na safari ndefu ya kwenda nyuma iachiwe waya wa volti 230. Hii ndiyo sababu ninafunga inveta ndani ya kabini, nyuma ya kiti, wala siifungi kwenye bodi, yaani sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, ambako maji ya barafu yanayotiririka kutoka kwenye matenga ya samaki huiua mapema. Kutoka betri hadi nyuma ya kiti ni kama mita 3. Kwa waya wa shaba wa milimita mraba 35, kwenda na kurudi, utapoteza karibu robo ya volti, na hapo inveta itafanya kazi bila kulalamika.

Chagua inveta ya wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, kwa sababu chaja nyingi na mota za drili zenye kidhibiti cha mwendo hupata moto zikilishwa wimbi lililokatwakatwa.

Hatua ya 2: Fyuzi na waya wa volti 12

Fungua kwanza kichwa cha hasi cha betri. Kwenye chanya weka fyuzi ya ampea 125, isiyozidi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye betri. Fyuzi hulinda waya, hailindi inveta, na kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Niliwahi kuletewa gari ambalo fyuzi yake ilikuwa imebadilishwa kwa nyuzi za shaba zilizosokotwa. Waya ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati pale unapoingia kabini, ukapiga shoti, na plastiki yote kuanzia hapo hadi kwenye betri ilikuwa imeyeyuka na kugandana na zulia. Basi kila tundu unalopitishia waya lipigwe tupa kingo zake, lipakwe rangi, kisha livikwe pete ya mpira.

Waya wa hasi uvute moja kwa moja hadi kwenye betri. Mafundi wengi huufunga kwenye chasisi ili kuokoa mita chache, na bara jambo hilo huenda likadumu miaka, lakini kwetu hewa ya chumvi huingia chini ya boliti, kutu hujenga ukuta, na inveta huanza kuzima kila drili inapokaza. Nilipofungua kiungo cha namna hiyo kwenye gari moja la Wete, boliti ilikuwa inang'aa kwa juu, lakini chini ya lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, kulikuwa na unga wa kijani mtupu. Ukiupata, nunua waya ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati na zina rangi ya fedha. Lagi iminywe kwa mashine yake, si kwa nyundo, kisha ivishwe mpira unaosinyaa kwa moto na ipakwe grisi baada ya kukazwa.

Hatua ya 3: Waya wa kwenda kwenye bodi na soketi

Tumia waya laini wenye ganda la mpira, nyuzi tatu za milimita mraba 1.5, uliopitishwa ndani ya mrija wa plastiki na kufungwa mbali na bomba la moshi. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uangalie kama tangi la mafuta haliko nyuma ya unapotaka kutoboa. Soketi ya pini tatu za mraba iwe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, chenye kifuniko, juu kwenye ukuta wa bodi ulio upande wa kabini. Waya uingie kwa chini, ukiwa umening'inia kidogo ili maji yadondokee nje.

Weka sakiti breka ya kuhisi uvujaji, yaani ile inayokata umeme unapovujia ardhini au mwilini mwa mtu, ya miliampea 30. Hapa pana jambo linalowapita wengi: breka hiyo haitakata ipasavyo ikiwa nyutro ya inveta (waya wa kurudishia umeme) haijaunganishwa na ethi (waya wa usalama). Baadhi ya inveta huja zikiwa na kiungo hicho na baadhi hazinacho, na zipo ambazo huungua ukiziunganishia mwenyewe. Soma kitabu chake au muulize muuzaji kabla ya kulipa. Skurubu ya ethi ya inveta ifungwe kwenye chasisi.

Hatua ya 4: Kupima

Rudisha hasi, washa injini, kisha endesha drili kwenye mbao ngumu. Pima volti kwenye betri, halafu kwenye vichwa vya inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kiungo kibovu, nacho utakijua kwa kukigusa kwa mgongo wa kiganja, kwa kuwa kitakuwa cha moto. Bonyeza kitufe cha majaribio cha breka.

Injini iwe inaunguruma wakati wote wa kazi nzito, kwani betri ya ampea-saa 70 pekee haitafika nusu saa. Umeme ukikatika nyumbani, usichomeke inveta hii kwenye soketi za ukuta. Lisha taa na vifaa kwa waya wa kurefusha.

Kabla ya masika, na tena yakiisha, fungua kisanduku, futa chumvi kwa kitambaa kikavu, kaza lagi zote na upake grisi upya.