Jinsi ya kupata maneno ya Kingereza kutoka kwenye herufi ulizonazo

Wengi wetu tukishika zile herufi saba za Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa pointi, tunaanza kupekua kichwani maneno ya Kingereza tunayoyajua, alafu ndio tunaangalia kama herufi zake tunazo. Hapo umeshajifunga mwenyewe, maana unashindana kwa msamiati na mtu aliyekulia kwenye hiyo lugha atakuacha mbali. Anza na herufi zenyewe. Na usiniambie haiwezekani kisa Kingereza tumekutana nacho shuleni, Nigel Richards wa New Zealand alibeba ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa haongei, alikariri mipangilio ya herufi tu basi. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria akachukua ubingwa wa dunia wa Kingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na mpaka leo nikiikumbuka nafurahi.

Sasa kuna kitu kinatusumbua sisi wa Kiswahili na sijaona watu wakikisema. Macho yetu yamezoea silabi, ba, ka, mu, kila konsonanti inatafuta irabu yake ya kufungia, kwa hiyo ukiona T, C, H, G, N unaona takataka. Kingereza kinarundika konsonanti, tena hasa mwishoni. Ukishika herufi tafuta kwanza marundo hayo: CK, TCH, GHT, NCH, MP, RST, na mwanzoni STR, SCR, THR, SHR. Ukiwa na G, H, T na I tayari una mwisho wa night, fight, light, right, sight, tight, imebaki kuangalia konsonanti gani nyingine iko mkononi. Mazoezi kidogo tu macho yanabadilika.

Hatua inayofuata ni kuvua viambishi, na hii ndio inaleta zile pointi 50 za ziada ukimaliza herufi zote saba kwa mpigo. Tuseme umeshika A, G, H, I, N, S, W. Ukizitazama hivyo hivyo hamna kitu. Toa ING weka pembeni kulia, zimebaki A, H, S, W. Nne tu hizo, zungushe zungushe utaona wash, unganisha, washing, umemaliza. Fanya hivyo kwa ING, ED, ER, EST, LY kwa nyuma, na RE, UN, DE kwa mbele. S usiitupe hovyo, ziko 4 tu kwenye gemu nzima, na inakuwezesha kurefusha neno lililoko mezani huku ukiandika la kwako kwa kukatiza. Na zile herufi usiziache kwenye mstari ule ule, zisogeze, zipange duara, changanya upya, ubongo ukishazoea mpangilio mmoja unaganda.

Q. Iko moja tu na ina pointi 10, watu wanaishika wanasubiri U mpaka gemu inaisha na wanakatwa pointi. Kariri qi, herufi mbili, na wingi wake qis unakubalika. Alafu hapa sisi tumebahatika kweli, maana maneno mengi ya Q bila U yametoka Kiarabu na tunayo nyumbani: qadi ni kadhi, talaq ni talaka, faqir ni fakiri, kuna niqab, na qat ndio mirungi. Tatizo ni kwamba sisi tunayaandika kwa K kwa hiyo hayatujii kichwani tukiona Q. Na maneno yetu yenyewe pia yamo, safari, bwana, uhuru, askari, panga, kwenye Collins, ile orodha ya maneno yanayokubalika, yote unaweka.

Maneno ya herufi mbili ni lazima uyakariri yote, sioni njia nyingine. Jo, za, xi, xu, ax, ex, ox. X ina pointi 8, ikikaa kwenye boksi la ubao linalozidisha pointi za herufi mara tatu na ikasomeka kwa kushuka na kwa kukatiza, ni 24 mara mbili, 48 kwa neno la herufi mbili! Ukijaa irabu kumbuka aa, ae, ai, oe, eau, audio, adieu. Ukikosa irabu kabisa kuna rhythm, nymph, lynx, crypt, na hata bila Y kuna nth, cwm, psst, brr.

Kwa Wordle, ule mchezo wa kukisia neno la herufi tano, na krosiwadi unakuwa unajua nafasi ya baadhi ya herufi, kwa hiyo tumia alama. Kwenye OneLook, tovuti ya kutafuta maneno, alama ya kuuliza ni herufi moja usiyoijua na nyota ni herufi zozote idadi yoyote. Ukijua ya pili ni R na ya mwisho ni E, andika ?r??e, inakuletea crane, drive, prize, grape, bride. Ukitaka yanayoishia GHT andika *ght. Ila kwenye Wordle usisahau herufi inaweza kujirudia, mummy, geese, watu wengi wanakwama hapo wakati wanazo herufi zote.

Hizo tovuti tumia ukiwa peke yako au gemu ikishaisha, kucheza na mtu huku simu iko mapajani huo ni wizi. Na kubalianeni orodha kabla ya kuanza, Marekani na Kanada mashindano yao yana orodha yao, kwingine kote wengi wanatumia Collins, na hazifanani, zo na ch kwenye Collins zinapita lakini kwa Wamarekani zinakataliwa.

Gemu ikiisha chukua zile herufi zilizokushinda, zipange kwa alfabeti, uzitafute, alafu uandike kwenye daftari hivi: AEINRST, kisha mbele yake nastier, retains, retinas, stainer. Siku nyingine ukishika herufi hizo zipange hivyo hivyo kwa alfabeti, na majibu yake unayo tayari.