Somo: Gari la nyuma litagonga au halitagonga?

Wakuu, swali hili la magari mawili yanayofuatana, breki zikifungwa, linarudi kila mitihani ikikaribia. Naliandika mara moja, mwingine akiuliza mleteni hapa.

1. Kilomita kwa saa gawanya kwa 3.6, upate mita kwa sekunde.

2. Chora magari na pengo.

3. Gari la mbele likiwa na mwendo usiobadilika, jifanye umekaa ndani yake unatazama nyuma. Wewe una mita 15 kwa sekunde, la nyuma lina 25: unaliona linakuja kwa 10. Breki zake zinapunguza 2 kila sekunde, basi kanuni ni mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara mbili ya kile breki zinachopunguza: litakusogelea 10² ÷ (2 × 2) = mita 25. Pengo lilikuwa 40? Hamgusani.

4. Yote mawili yakifunga breki, tulieni. Yana 20 kila moja (72 km/h). La mbele linapunguza 8 kila sekunde. Nyuma ni lori, linapunguza 5, na dereva wake anachelewa sekunde 1 kushtuka. Ukikariri hatua ya 3, mwisho wa sekunde hiyo lori linamkaribia mwenzake kwa 8, na tofauti inazidi kukua kwa 3. Kanuni inakupa mita hasi 10.7! Jibu halina maana, kwa sababu la mbele halipunguzi milele: baada ya sekunde 2.5 limesimama, na hesabu yako bado inalirudisha kinyumenyume. Kwa hiyo achana na kiti cha mbele, simama kando ya barabara. La mbele: 20² ÷ 16 = mita 25. Lori: 20 za kushtuka, jumlisha 20² ÷ 10 = 40, jumla 60. Pengo linalohitajika ni 35. Kabla ya kutumia hatua ya 3, angalia kwanza nani anasimama mapema.

Haraka_Haraka: Mkuu nitumie jibu la namba 7, nakusanya saa nane.
— Hatua ya 4.

Mjuaji: Umechemka. 40 toa 25 ni 15, siyo 35.
— Umemnyima dereva wa lori ile sekunde yake. Soma tena.

Binti_Kidato5: Mbona uzito wa gari hauonekani popote?
— Swali zuri sana. Uzito ukiwa mara mbili, msuguano wa tairi na lami nao unakuwa mara mbili, lakini mzigo wa kusimamisha pia umekuwa mara mbili. Vinakatana. Kinabaki kiwango cha msuguano mara 9.8 (mvuto wa dunia): lami kavu ikiwa na 0.8, unapata karibu 8. Lori linachelewa kwa mengine. Upepo wa breki unachukua muda kufika kwenye magurudumu, na breki zikipata moto zinalegea.

Suka_wa_Kitonga: Ndiyo maana ule mlima wa Kitonga tunaushuka na gia ndogo, breki unaigusa tu.
— Umemaliza, suka.

Binti_Kidato5: Na dereva wa lori akiwa anachezea simu, ashtuke baada ya sekunde 2?
— Ongeza mita 20. Pengo linakuwa 55.