Umetiwa hatiani kwa kuendesha gari ukiwa umelewa? Rufaa inakatwa hivi

Kesi nyingi za ulevi barabarani hapa Dar huisha asubuhi moja. Mshtakiwa anasomewa shtaka, anakiri ili awahi kazini, analipa faini. Jioni ndipo anamtafuta wakili.

1. Notisi, ndani ya siku 10. Ni karatasi moja inayosema unakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu. Ipeleke mahakama ile ile iliyokuhukumu, iwe Kisutu au Kinondoni. Usingoje nakala ya hukumu.

2. Siku hiyo hiyo, omba kumbukumbu kwa barua. "Naomba nakala ya mwenendo, hukumu na vielelezo vya Kesi ya Trafiki Na. … kwa ajili ya rufaa." Mwenendo ni kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani; vielelezo ni vitu na hati zilizopokelewa kuwa ushahidi. Igongwe muhuri wenye tarehe, nawe ubaki na nakala. Hati ya rufaa, yaani maandishi yenye sababu zako, ina siku 45, ila siku za kungojea nakala hazihesabiwi, na muhuri huo ndio ushahidi wako. "Njoo wiki ijayo" ya karani haitakusaidia mbele ya jaji.

3. Soma mwenendo kabla ya kuandika sababu. Hapa ndipo penye kazi.

Kama ulikiri, kwa kawaida unaweza kulalamikia adhabu tu. Shauri la Laurence Mpinga la 1983 liliacha milango minne: ulikiri kwa maneno yenye utata, ulikiri kwa kutoelewa, shtaka halionyeshi kosa la kisheria, au maelezo uliyoyakubali hayathibitishi kosa. Tazama alichoandika hakimu. Ukikuta "Ni kweli" tu, bila maelezo ya kosa kusomwa nawe ukayakubali, umepata pa kushika. Vivyo hivyo kama ulishtakiwa kwa kuzidi kiwango, yaani miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, na maelezo hayataji kipimo chochote.

Kama ulikana, tafuta karatasi ya kipimo. Ilipopokelewa kuwa kielelezo, ilisomwa kwa sauti? Kwa msimamo wa shauri la Robinson Mwanjisi la 2003, isiposomwa huondolewa kwenye ushahidi. Lakini usibweteke: ushahidi wa trafiki aliyekuona ukipepesuka unabaki.

4. Hati ya rufaa. Sababu tatu nzito zinatosha. "Nina familia" inaweza kupunguza adhabu, haifuti hatia. Ambatanisha hukumu, sajili kwa mtandao katika Masjala Ndogo ya Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mjibu rufaa ni Jamhuri, si askari aliyekukamata.

5. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi adhabu. Aliyefungwa huwasilisha rufaa kupitia mkuu wa gereza na kuomba dhamana. Leseni ikifungiwa, usiguse usukani mpaka mahakama iamue vinginevyo.