Somo: Kutunza mnara wa askari wa zimamoto waliofia kazini

Uchafu hauli mnara haraka kama mkono unaosugua kwa nguvu. Na hata bila mkono huo, jiwe huliwa. Tazameni mnara wa askari wa zimamoto wa Riverside Drive, New York, uliozinduliwa mwaka 1913. Mchongo wake wa marumaru wa farasi wakikokota gari la zimamoto uliliwa na hali ya hewa, na miaka ya 1950 ukawekwa wa shaba badala yake. Marumaru ikishaliwa hairudi.

Hatua ya 1. Kabla ya kugusa maji, piga picha kila upande na kila jina. Jioni mulika tochi kutoka ubavuni. Herufi zilizofifia zitajitokeza. Usiiruke hatua hii, maana majina ndiyo mnara wenyewe.

Hatua ya 2. Marumaru ilowe kwanza. Osha kuanzia chini kupanda juu, maji machafu yasiache michirizi kwenye jiwe kavu. Tumia brashi laini na maji mengi. Ndimu, siki na dawa za kusafishia choo ni marufuku: asidi huyeyusha marumaru. Mashine ya presha nayo hung'oa chembe za jiwe.

Hatua ya 3. Vibao vya shaba: sabuni kidogo isiyo kali, suuza, kausha kabisa, kisha paka nta nyembamba na ung'arishe kwa kitambaa. Rudia kila mwaka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kibao chetu kimekuwa kijani. Tupige msasa?*
Hapana, ndugu yangu. Kijani kigumu kilichoenea sawasawa ni ngozi ya shaba, kiacheni. Kikiwa unga wa kijani hafifu unaorudi kila mkiufuta, hasa karibu na bahari, hiyo ni chumvi inayokula shaba. Mwiteni mtaalamu wa uhifadhi.

*Jina la marehemu baba yetu halisomeki. Fundi achonge upya?*
Poleni sana. Msichonge juu ya maandishi ya zamani. Wekeni kibao kidogo pembeni, na familia ihakiki herufi kabla fundi hajaanza.

*Siku ya kumbukumbu watu huwasha mishumaa juu ya ngazi. Tuwakataze?*
Msiwakataze, wana haki ya kuomboleza. Wekeni sinia pana lenye mchanga mbele ya ngazi, nta idondokee humo. Mashada ya maua yenye waya yaondoleeni waya kwanza, kutu yake hupenya kwenye jiwe.